Kangaja wa Miaka Thelathini na Moja

Mama Visu alikuwa na visu vinne, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuvigusa. Kimoja kilikuwa cha kukata mapezi. Kimoja cha kupasua tumbo. Kimoja, chembamba, cha kutoa mifupa. Cha nne kilikuwa kifupi na kimechakaa, na mpini wake ulifungwa mpira. Hicho kilikuwa cha kangaja tu.

"Kangaja hana adabu," alizoea kuwaambia wateja. "Hata akiwa amekufa anaweza kukukata."

Hakuwa anatia chumvi. Kangaja ni samaki bapa, wa mviringo kama sahani, mwenye mdomo mdogo. Karibu na mkia wake ana mwiba mkali kama wembe, mmoja kila upande. Mwiba huo hulala ndani ya mfereji wake mwilini, huwezi kuuona. Samaki akitishwa, akapinda mkia, mwiba huchomoza. Ndivyo anavyojilinda. Kwa hiyo Mama Visu alikata kwanza miiba yote miwili na kuitupa kwenye kopo. Ndipo alipochukua kijiti chake chenye vifuniko vya soda na kuanza kumpara.

Alifanya kazi katika banda la samaki, karibu na ufuo. Banda lilikuwa na meza kumi na mbili za mbao, bomba moja la maji, na sakafu ya saruji iliyoteremka kuelekea mtaroni. Meza yake ilikuwa ya tatu kutoka kwenye bomba. Alikuwa ameisimamia miaka kumi na minane. Kwenye mguu mmoja wa meza hiyo, upande wa ndani, kulikuwa na mistari midogo iliyochongwa kwa kisu, safu juu ya safu. Watu walidhani ni kazi ya panya. Yeye hakuwasahihisha.

Asubuhi hiyo alipata kangaja saba. Zamani, saba wasingemfanya hata akunje mikono ya gauni. Wanawake kumi na wawili walipasua samaki tangu asubuhi mpaka mchana, na maneno yalikuwa mengi kuliko samaki. Sasa meza tano zilikuwa tupu. Wenzake walikuwa wamekwenda kufua nguo za watu. Aliyebaki alipara, alikung'uta magamba, na alinyamaza.

Mama Visu aliwamaliza wale saba kabla maji ya chai hayajachemka. Akaosha meza, akaenda nyumbani.

*

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na dirisha moja kubwa linalotazama bahari. Zamani mama mkwe wake alikaa mbele ya dirisha hilo kila siku. Alikuwa mzee mcheshi. Aliwatambua wanawe wawili wakiwa bado mbali majini, kwa namna walivyopiga kasia.

"Yule anayepiga kama anamfukuza mbwa ni Mdogo," alikuwa akisema. "Yule mvivu ni mumeo."

Mume wa Mama Visu aliitwa Pumzi, kwa sababu angeweza kuzama na kukaa chini mpaka watu wa juu waanze kuangaliana. Mdogo alikuwa ndugu yake wa mwisho. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na hajaoa. Kila mwaka alisema, "Mwakani."

Kwa miaka mingi ndugu hao walivua kwenye mwamba wa karibu, mahali ambapo maji yametulia na mtu anaweza kuiona nyumba yake. Kisha mwamba ule ukaishiwa samaki. Wavuvi wakaanza kuvuka nje, upande wa pili wa mwamba, ambako maji ni mazito na mkondo hauna huruma. Miezi saba iliyopita Mdogo alivuka na mwenzake. Mwenzake alirudi, Mdogo hakurudi. Walimtafuta siku tisa. Hawakupata hata kiatu chake cha kuogelea.

Siku ya tisa mama mkwe aligeuza kiti chake. Tangu hapo aliipa bahari kisogo, akawa anatazama ukuta na kalenda ya zamani iliyotundikwa pale. Hakuna aliyethubutu kukigeuza tena.

Siku hiyo Pumzi alirudi mchana, nywele mbichi. Akakaa kizingitini.

"Tumeamua," alisema.

"Mmeamua nini?"

"Kangaja. Waliobaki tunawamaliza."

Mama Visu aliacha kufunga kanga kiunoni. "Wamefanya nini?"

"Wanakula mwamba! Kila nikizama nawaona. Wanaligonga jiwe kwa midomo, tii, tii, tii, kutwa nzima. Jiwe limekufa. Limeota majani mpaka linatisha. Nani mwingine ameliua? Wiki ijayo tunapeleka nyavu mlangoni."

Mlango ilikuwa njia ya maji iliyoukata mwamba katikati. Kila mvuvi aliijua.

"Na msipopata kitu mlangoni?"

Pumzi alitazama miguu yake. "Nisipopata, nitavuka nje. Nifanyeje? Tule mchanga?"

Kiti kililia. Mama mkwe hakugeuka, lakini mkono wake ulikamata ubao wa kiti kwa nguvu.

"Nahitaji siku tu," Pumzi alisema kwa sauti ya chini. "Siku ya kukusanyika kwao. Wewe ndiye unayeijua."

Mama Visu alikwenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Alikuwa anaijua, ndiyo. Na hapo ndipo palipomuuma.

Miaka sita nyuma, kisu kikiwa mkononi, aliona jambo. Kuna miezi fulani ya mwaka ambapo matumbo ya kangaja majike hujaa mayai. Mwezi wa angani ukikaribia kuwa mpevu, mayai huvimba mpaka tumbo hupasuka lenyewe ukiligusa. Siku chache baada ya mwezi mpevu, matumbo ni matupu. Mama Visu hakwenda shule zaidi ya miaka mitatu, lakini hakuwa mjinga. Alijiambia kuwa katikati ya siku hizo samaki hawa huenda mahali wakataga. Akaanza kuchonga mistari kwenye mguu wa meza. Mstari mrefu ulikuwa tumbo lililojaa, na mfupi tumbo tupu.

Akamwambia mume wake. Pumzi akazama siku aliyotajiwa, akawakuta mlangoni. Kangaja walikuwa wamejaa mpaka maji yamekuwa meusi. Wakapiga nyavu. Siku ile banda zima lilicheka. Watu walimwita Mama Visu fundi, wakampa kichwa, na kichwa chake kikavimba kweli. Mwaka uliofuata aliwapa siku nyingine, wakapiga nyavu tena. Mwaka wa tatu hakukuwa na wa kupigwa.

*

Kesho yake Bibi Samaki alikuja bandani. Huyo alikuwa afisa wa uvuvi, mwanamke kijana mwenye pikipiki ya serikali na kofia ya pikipiki iliyopasuka. Alikuwa amekuja mwezi uliopita pia, akapima samaki kwa rula, akaomba vichwa vya kangaja. Wanawake walicheka sana. Wakasema serikali sasa imefilisika, inakula vichwa.

"Ulivila?" Mama Visu alimuuliza.

"Nilivipasua, mama. Nimekuletea majibu." Alikung'uta mkono, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Lakini kwanza niambie. Nasikia wavuvi wanataka kuwamaliza kangaja."

"Wanasema wanakula mwamba."

"Na wewe unasemaje? Wewe ndiye unayefungua matumbo."

Mama Visu alisimama na kisu hewani. Miaka kumi na minane, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Alichukua kangaja mmoja, akampasua, akatoa utumbo. Ulikuwa mrefu kama kamba ya viatu. Akaukata. Ndani yake kulikuwa na kitu cha kijani, laini kama mboga iliyopikwa kupita kiasi, na mchanga.

"Majani," alisema polepole. "Siku zote ni majani na mchanga. Mchanga huu ndio unaoniharibia kisu."

"Umewahi kukuta kipande cha mwamba?"

"Sijawahi."

"Mchanga humsaidia kusaga majani tumboni, kama kuku anavyomeza changarawe. Meno yake ni madogo, ya kukwangua tu. Anakwangua majani juu ya jiwe kutwa. Jioni huingia kwenye mwanya wa mwamba, akalala."

"Kumbe anasafisha!"

"Ananyoa. Huyu ni kinyozi wa mwamba. Na mwamba usiponyolewa, unakufa."

Bibi Samaki alitoa kwenye mkoba kipande cha kioo, chembamba na kidogo, na kioo kingine cha kukuzia. "Tazama hapa. Kichwani mwa samaki kuna vijiwe viwili. Humsaidia kusikia na kukaa sawa majini. Kila mwaka kijiwe huongezeka pete moja. Hiki nimekikata kikawa chembamba kama ngozi ya kitunguu. Kimetoka kwenye kichwa ulichonipa."

Mama Visu aliinama, akafumba jicho moja. Aliona miviringo, mmoja ndani ya mwingine, mingi, imebanana.

"Ni pete ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Acha mzaha. Samaki mwenyewe hakuzidi urefu wa kisu changu."

"Si mzaha, mama. Kangaja wa aina hii hukua haraka miaka michache ya mwanzo, halafu husimama. Ukimtazama tu huwezi kujua kama ana miaka mitano au thelathini. Ile siku mkipiga nyavu mlangoni, mnatoa wazee na vijana pamoja. Wazee waliotaga miaka mingi. Kuwarudisha si kazi ya msimu mmoja."

Mama Visu aliweka kisu chini.

"Mimi ndiye niliyewaambia siku," alisema.

Alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akamwonyesha mguu wa meza. Bibi Samaki akapiga magoti pia, na suruali yake ya kazi. Alipitisha kidole juu ya mistari, kutoka chini mpaka juu.

"Miaka sita," alisema mwishowe. "Mama, kitu kama hiki ofisini kwetu hatuna."

"Usinisifu! Nilisifiwa mara ya kwanza, na tazama." Sauti ya Mama Visu ilikatika. "Niambie ukweli. Shemeji yangu alivuka nje kwa sababu huku ndani hamna kitu. Huku ndani hamna kitu kwa sababu ya mdomo wangu. Je, nimemuua?"

Bibi Samaki alivua kofia yake iliyopasuka, akaishika mikononi.

"Sijui kulijibu hilo," alisema. "Wewe hukujua. Waliopiga nyavu hawakujua. Mimi niliyejua sikuja kuwaambia. Nina ufuo mrefu na pikipiki moja, lakini hicho ni kisingizio tu. Ninachoweza kusema ni kimoja. Ukiwapa siku tena wiki ijayo, utakuwa unajua."

Mama Visu alilia hapo hapo, akiwa amepiga magoti, mkono ukiwa umeshika mguu wa meza. Mwenzake wa meza ya pili alifungua bomba mpaka mwisho, ili sauti ya maji imfiche.

*

Jioni alimweleza mama mkwe kila kitu. Alizungumza na kisogo chake. Alipofika kwenye pete thelathini na moja, kisogo kilitikisika kidogo.

Pumzi naye aliambiwa. Alikasirika. "Mimi nazama miaka ishirini na tano, leo nifundishwe na mtu anayekuja na pikipiki?" Akachukua shati lake akatoka.

Siku iliyofuata, alasiri, wavuvi walikutana bandani. Walikaa juu ya kreti na ndoo. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene, mwenye nyavu nyingi na maneno mengi zaidi.

"Haya, Mama Visu," alisema. "Fundi wetu. Tupe siku."

Mama Visu alifunua ndoo, akamwaga matumbo ya kangaja juu ya meza. Aliyapasua moja baada ya jingine.

"Njooni mtafute mwamba," alisema. "Atakayepata jiwe humu, nampa siku."

Wanaume walisogea kwa kusitasita. Pumzi alikuwa wa mwisho. Aliingiza vidole kwenye ule ukijani, akausugua.

"Mchanga huu je?"

"Wa kusagia majani. Kama kuku."

"Nimewaona kwa macho yangu wakiling'ata jiwe."

"Umeona mdomo, mume wangu. Mimi nimeona tumbo."

Mmoja alicheka, kisha akaona haya, akanyamaza.

Bibi Samaki aliweka mezani mawe mawili aliyoyaokota mwambani. Moja lilikuwa limefunikwa na majani ya baharini, manene, yenye utelezi. Jingine lilikuwa kavu na safi.

"Tumbawe ni mnyama," alisema. "Ni wanyama wadogo wengi, wanaoishi pamoja na kujijengea jiwe chini yao. Mwaka jana maji yalipopata joto, matumbawe yaligeuka meupe, mengi yakafa. Joto lile halikuletwa na nyavu zenu. Lakini tumbawe likifa, majani huja upesi kulifunika. Kama wanyoaji wapo, huyala. Hapa kwetu wanyoaji walikuwa wameshatolewa. Sasa watoto wa tumbawe huelea majini wakitafuta mahali safi pa kushika. Nani kati yenu angeweza kushika hapa?"

Mwenyekiti aligusa jiwe lenye majani, kidole kikateleza.

"Na tumbawe likikosekana," aliendelea, "samaki wengine hawana pa kujificha wala pa kulea watoto. Huondoka. Ndiyo maana mnavuka nje."

"Tumekusikia," alisema mwenyekiti. "Unataka tule hewa?"

"Naomba mambo matatu. Siku tano za mwezi mpevu, katika miezi ya mayai, mtu asiende mlangoni. Kangaja wa mwamba wa karibu, na pono ambao nao hunyoa, waachwe, mvue wengine kwa ndoana. Na nyavu za matundu madogo zikae nchi kavu."

"Samaki watarudi lini?"

"Sitawadanganya. Wakitaga, mayai huelea. Mtoto wa kangaja huzaliwa hana rangi. Unaona mpaka utumbo wake. Huelea baharini kiasi cha miezi miwili, ndipo hutafuta mwamba. Wengi huliwa njiani. Mwakani mtaona wachache. Mwaka wa pili labda zaidi."

"Mwaka wa pili!" Mvuvi mmoja alisimama. "Watoto wangu wana njaa leo."

Alikuwa anasema kweli, na kila mtu alijua. Hata Bibi Samaki alitazama chini. Kreti zilianza kusogezwa. Wawili walikuwa wameshavaa ndala.

Hapo sauti ikatoka kwenye mlango wa banda.

"Nataka kumwona huyo samaki."

Mama mkwe alikuwa amesimama pale, ameshika ukuta. Hakuwa amekanyaga ufuoni kwa miezi saba. Watu walimpisha. Bibi Samaki alimpa kipande cha kioo na kioo cha kukuzia. Mzee alitazama kwa muda mrefu, midomo ikicheza. Alikuwa anahesabu.

"Macho yangu hayafiki mwisho," alisema. "Umesema ni ngapi?"

"Thelathini na moja, Bibi."

"Kama Mdogo wangu." Aliinua uso. "Samaki huyu na mwanangu walizaliwa mwaka mmoja. Wakakulia maji mamoja. Huyu mlimtoa ninyi. Yule akaenda kutafuta kilichobaki huko nje. Nimebakiwa na mtoto mmoja, na juzi nimemsikia akisema naye atavuka."

Pumzi aliinamisha kichwa.

"Pumzi, nitazame. Ukivuka, mimi sitakutafuta siku tisa. Sina tena siku tisa mwilini." Akamgeukia Mama Visu. "Na wewe, mwanangu. Usikae unajila moyo. Wape siku, lakini isiwe siku ya nyavu. Wape siku ya kukaa nyumbani."

Bomba lilidondosha tone moja moja.

Pumzi ndiye aliyesogea kwanza. Alipangusa meza kwa mkono wake, akaishika upande mmoja, akaipindua. Miguu ikaelekea juu. Mistari yote ya miaka sita ikaonekana, mirefu na mifupi.

"Tusomee, mke wangu," alisema.

Mama Visu akawasomea.

*

Si wote waliokubali. Wawili walichukua nyavu zao wakahamia ufuo mwingine, na mmoja aliondoka akitukana. Yule mwenye watoto wenye njaa alibaki. Mwenyekiti, pamoja na maneno yake yote, ndiye aliyepanga zamu ya kulinda mlango siku zile tano, na yeye mwenyewe alikaa zamu mbili. Alisema anataka kupunguza tumbo.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Wavuvi walitumia ndoana ndani ya mwamba na kurudi na samaki wachache. Kuna siku waligawana walichopata ili kila nyumba ipate mchuzi. Pumzi alivua jirani na nyumbani, na mara moja kwa mwezi alizama pamoja na Bibi Samaki kuhesabu kangaja. Mara ya kwanza hesabu yao ilitosha kwenye vidole vya mikono.

Kisu kifupi cha Mama Visu kiliota kutu. Hakukinoa. Alipenda kukiona kikiwa na kutu.

Mwaka wa pili, katika siku tano za mwezi mpevu, Pumzi alikwenda mlangoni bila chusa, bila wavu, akiwa na kioo cha kuzamia tu. Jua lilikuwa linaelekea kushuka. Alirudi moja kwa moja bandani, maji yanamdondoka, akasimama mbele ya meza ya tatu.

"Wamekuja," alisema.

"Wangapi?"

"Sikuhesabu. Nilisahau. Walikuwa wananipita kushoto na kulia kama sipo. Wakajikusanya, halafu kikundi kimoja kikapanda juu ghafla, kwa kasi, kikaacha kama moshi mweupe majini. Halafu kingine. Yalikuwa mayai, Mama Visu. Nilikaa chini mpaka kifua kikauma."

Mama Visu alijifuta mikono. "Na mwamba?"

"Kuna mahali pamenyolewa, jiwe linaonekana. Nimeona vitu vidogo vimeshika pale, ukubwa wa kifungo cha shati. Tumbawe changa. Nimeviona vitano."

Sasa hakuwa na tumbo la kupasua ili aijue siku. Alichukua kisu kifupi, na kutu yake yote, akapiga magoti, akachonga mstari mrefu kwenye mguu wa meza. Kisha wakaenda nyumbani pamoja.

Mama mkwe alikuwa anatazama ukuta. Pumzi alichuchumaa kando ya kiti, akamsimulia yote tena: kikundi kilichopanda, moshi mweupe, vifungo vitano. Alimweleza pia kuhusu kangaja wadogo aliowaona kwenye mianya.

"Hao wadogo wana umri gani?" mzee aliuliza.

"Mwaka mmoja, labda. Ni wa ukubwa wa kiganja cha mtoto."

"Mwaka mmoja." Alilirudia neno hilo kama anayelionja. "Sitawaona wakifika thelathini na moja."

"Hata mimi sitawaona, Mama," alisema Mama Visu.

Mzee alifikiri. Kule nje maji yalikuwa yanapiga mwamba, kama siku zote, kama siku ile pia.

"Pumzi," alisema, "nigeuzie kiti."

Pumzi akakiinua, mama yake akiwa amekikalia, akakigeuza taratibu mpaka dirishani. Mama Visu akafungua pazia. Mzee aliweka mikono magotini, akaitazama bahari iliyomchukua mwanawe, akakaa hivyo mpaka chakula kilipoiva.